Kelele Kutoka Chumba cha Magadi

Kaka,

Nakusalimu wewe uliyenitangulia kuzaliwa, jambo ambalo mpaka leo hujachoka kulitangaza. U hali gani? Mkono unaendeleaje, na baridi ya asubuhi bado inausumbua? Mama naye vipi, magoti yake, na kile kikohozi anachosema si kikohozi bali ni koo linajisafisha? Majirani wote nawasalimu, na kuku, na yule jogoo wenu mwenye kiburi kama cha mtu fulani ninayemfahamu. Mimi huku ni mzima kabisa. Ninakula, ninalala, mashavu yameanza kujaa, na wasichana wa kantini wananiita bosi. Sijui wananitania au wameona mbali. Mimi nimeamua kwamba wameona mbali.

Najua umeshangaa kuletewa barua kama tuko zama za babu. Simu yangu imekufa. Haikuanguka wala haikuibiwa. Vumbi la kazini limeingia tumboni mwake. Fundi alipoifungua alikuta ndani kweusi kama chungu cha kuni, akanieleza kwamba vumbi hili linapitisha umeme kama waya, kwa hiyo simu ilikuwa inajipiga shoti yenyewe kila kona. Akaniuliza ninafanya kazi gani, nikamwambia ninasafisha kinywe. Akasema basi kinywe kina bahati, maana simu haikusafishwa na mtu. Nilicheka, lakini iliniuma. Kwa hiyo nimechukua karatasi na penseli, na mwandiko wangu ukikuchosha kumbuka kwamba niliacha shule mapema ili nisiwaaibishe walimu. Msomee mama kwa sauti. Kwa ajili yake nitaeleza hata yale unayoyajua, nawe usigune.

Mama, kinywe ndicho kile kitu cheusi kilichomo ndani ya penseli. Kinatoka ardhini katika magamba membamba yanayoteleza kidoleni kama yamepakwa mafuta, lakini yameng'ang'aniwa na mchanga na udongo. Watu wa betri wanakitaka, na wanakitaka kisafi kuliko roho ya mtoto mchanga. Kaka na wenzake walikuwa wanakisafisha kwa ile asidi inayokula mchanga. Sasa, kinachokula mchanga kinakula na kioo, kwa sababu kioo ni mchanga uliopikwa. Mpaka leo madirisha ya chumba chao yana ukungu ambao hakuna kitambaa cha kuufuta. Na kinachokula kioo, mfupa kitauogopea nini?

Siku ile ya kaka mnaijua, sitairefusha. Tone lilipenya kwenye tundu la glavu, naye hakusikia kitu. Hiyo ndiyo hila ya asidi ile, haiumi inapoingia. Akaendelea na kazi, akaja nyumbani kwa basi la mwisho wa wiki, akala, akanisema kwa kuvaa shati lake. Maumivu yalipokuja, tone lilikuwa limeshafika kwenye mfupa na kujenga. Vidole viwili havikurudi. Na hata hapo, mama, unakumbuka mwanao mkubwa aliuma meno na kusema ni mchubuko tu.

Wakamwahidi kiti cha getini. Kazi ya kukaa kivulini, kufungua na kufunga, mpaka atakapozeeka. Akakataa. Mtaa mzima ulisema ana majivuno, na mimi nilikuwa mbele ya mtaa. Nilisema mbele yako, mama, kwamba mtu mwenye mkono mmoja na nusu hana ubavu wa kuchagua viti. Kaka alinitazama tu, akaendelea kuwatupia kuku mahindi. Wiki haikuisha, mimi nikaitwa kiwandani. Nikajua mara moja kwamba sifa zangu zimewafikia. Nilivaa lile shati lake tena, nikaingia kwa meneja nimepandisha mabega, na meneja akaniangalia kwa muda mrefu kama mtu aliyeletewa mzigo ambao hakuagiza. Mimi nikadhani ni heshima.

Hawakunipeleka kwenye chumba chenu, kaka. Walinipeleka kwenye ile stoo ya nyuma ya jenereta, mlikokuwa mnatupa magunia mabovu. Sasa hivi huwezi kuitambua. Sakafu imesakafiwa upya, kuna tanuri la umeme, matangi ya kusuuzia, na meza ya yule mama mkemia ambaye wote tunamwita Shangazi ingawa hana undugu na mtu hapa. Anaitwa hivyo kwa sababu anagomba kama shangazi na anakumbuka kama shangazi. Siku ya kwanza aliniambia kwamba amesikia mdomo wangu hauna breki. Nikajibu kwamba gari zuri halihitaji breki. Akasema tutaona kwenye mteremko.

Njia yake ni hii, mama, na ukisikia utasema ni kufua nguo. Kinywe kinachanganywa na kostiki, magadi makali yale ya watengeneza sabuni, kisha kinaingia kwenye tanuri. Huko ndani mchanga unashikana na magadi na kugeuka kitu kinachoyeyuka majini kama sukari. Kinywe chenyewe hakijali, kinakaa tu kinang'aa. Ukikitoa unakisuuza kwa maji ya moto, unasuuza tena, unasuuza mpaka ukose hamu ya maji. Halafu unatia asidi ya limau, ile ya unga, ili iondoe kutu iliyobaki. Unasuuza mara ya mwisho, unaanika. Maji yote ya kusuuzia yanakusanywa, yanatiwa chokaa, na magadi yanarudi kazini. Hakuna hata ndoo moja inayomwagwa mtaroni. Mkondo ule wa nyuma ya ukuta, uliokuwa na rangi ya macho ya mlevi, juzi nimeona bata ndani yake.

Sisemi magadi ni maji ya kunawa. Yanachoma. Lakini yana adabu, yanachoma papo hapo na wewe unajua umechomwa. Siku ya pili tu tone lilinirukia shingoni, nikapiga ukunga mpaka mlinzi akaacha geti wazi. Shangazi akanisuuza chini ya bomba hata makovu hayakubaki, kisha akaandika ukutani kwa chaki kwamba kola zifungwe. Nilidhani atanicheka kwa kulia kama mtoto. Badala yake alinipongeza. Nikaona huyu mama ana kasoro kidogo.

Wenzako wa chumba cha asidi ndio walionicheka. Walikiita chumba chetu dobi. Walipita mlangoni wakiniuliza kama ninapiga pasi pia, na kama wanaweza kuleta soksi. Bwana Kimya, yule msimamizi wenu, yeye hakucheka. Unamjua, hajawahi kutumia maneno mawili panapotosha moja. Alisimama tu akatikisa kichwa kama mtu anayeona watoto wakijenga nyumba kwa mchanga mkavu.

Mwisho meneja alichoka kulisha vyumba viwili. Akatuita wote uani akasema kwamba mkaguzi wa wanunuzi anakuja, naye atapima mzigo mmoja wa chumba chetu kwa mkono wake mwenyewe. Kipimo mnakijua. Unachoma kiasi kidogo kwenye kikombe cha kauri mpaka weusi wote upotee hewani, na jivu linalobaki ndio uchafu. Jivu likiwa chini ya mstari waliouweka wanunuzi, chumba cha asidi kinafungwa. Likizidi mstari, stoo inarudishiwa magunia yake, Shangazi anarudi kupima mawe ofisini, na Redio, yaani mimi, anapewa glavu na kwenda kujaza nafasi iliyoachwa na kaka yake. Alisema hivyo huku akifungua pipi. Kurudi nyumbani mikono mitupu sikutaka, na kuingia chumba kile nilikuwa nimekuapia, mama, ukiwa umenishika masikio yote mawili.

Basi, ikafika siku ya mzigo wenyewe, na hapa naomba kaka usiruke hata mstari unapomsomea mama.

Kuna kikaratasi tunachovya kwenye maji ya kusuuzia. Kikigeuka bluu, magadi bado yamo, endelea kusuuza. Kikikataa kugeuka, ruhusa kutia asidi ya limau. Sheria ni hiyo tu, hata jogoo wako angeishika. Lakini mimi nilitaka mkaguzi akifika akute mzigo umeshaanikwa, nami nimesimama pembeni nimeshika kiuno. Nilichovya kikaratasi, kikageuka bluu kidogo, bluu ya aibu, nikajiambia kwamba hiyo ni bluu ya kwaheri. Shangazi alikuwa tanurini. Nikatia asidi.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha mwiko ukawa mzito. Kisha mwiko ukasimama wenyewe, bila mtu. Tangi zima liligeuka jeli, kaka! Jeli nyeusi inayotikisika kama kitambi cha mtu aliyetoka harusini. Mchanga uliokuwa umeyeyuka majini, ulipokutana na asidi kabla ya wakati, uliganda na kuyakumbatia magamba yote ya kinywe. Nilisimama pale nimeshika pakiti ya asidi.

Bwana Kimya alikuwa anapita. Akaingia, akatazama ndani ya tangi, akanitazama mimi. Siku hiyo alitumia maneno yake ya mwaka mzima. Aliniambia taratibu kwamba ninyamaze. Nizoe ile jeli, nikaianike juani, ikikauka itapukutika na kufanana na nyingine, na mkaguzi atachota kijiko cha juu tu kutoka kwenye sinia nitakalompa la wiki iliyopita. Akasema kwamba mambo mengi yameanikwa hapa kiwandani na watu wakaendelea kula. Hakusema kwa ubaya, alinihurumia. Alisema pia kwamba alimpenda kaka yangu, na hapendi kuniona ninaingia chumba kile.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikaa nikapima, nikafikiri, nikachagua haki. Nisijipake mafuta. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nilipiga yowe moja, Shangazi nimeharibu, nimeharibu tangi zima, na yowe lenyewe lilitoka uani likazunguka jenereta likarudi. Mkaguzi alikuwa ndio kwanza anashuka kwenye gari, mguu mmoja chini. Meneja alikuwa amemnyooshea mkono. Wasichana wa kantini walitoka na miiko yao. Yaani kaka, hata kama ningetangaza kwa kipaza sauti wasingesikia vizuri zaidi.

Shangazi alikuja mbio, kiatu kimoja kimemvuka. Hakunitukana. Aliingiza kidole chenye glavu kwenye jeli, akakibonyeza, akauliza nimetia asidi saa ngapi. Nikamwambia sasa hivi, hata pakiti bado ninayo mkononi. Akashusha pumzi, akasema kwamba jeli changa bado ina masikio, ila ikikomaa na kukauka inarudi kuwa mchanga uleule, na umeshika magamba kuliko mwanzo, na hapo kazi yote ni bure. Akaagiza kostiki ya moto. Tukamimina, tukakoroga, yeye upande huu mimi upande ule, na ile jeli ikaanza kulegea polepole kama mtu mkaidi anayeombwa msamaha. Ikayeyuka yote. Kisha tukaanza kusuuza upya kuanzia mwanzo, huku meneja amesimama nyuma yangu akiniuliza kama kile kilichopo juu ya shingo ni kichwa au ni mahali pa kutundikia kofia. Nilimjibu kwamba kwa leo ni pa kofia.

Mkaguzi ni mtu mpole, anaongea kama analipia kila neno. Aliomba kiti akakaa. Meneja alimwambia kwamba ofisini kuna kinywaji baridi, yeye akasema anapaona pazuri hapahapa. Baadaye akasema kwamba jeli hii si ngeni kwake, ameiona kwenye viwanda vingi, ila siku zote ameikuta imeshakauka, imo ndani ya magunia, na magunia yameshafika kwa mnunuzi. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuiona ikiwa mbichi. Meneja akaomba kiti na yeye.

Nilisuuza, kaka. Nilichovya kikaratasi, kikawa bluu, nikasuuza. Nikachovya, bluu, nikasuuza. Mikono ilikufa ganzi. Kilipokataa kugeuka nilimpelekea Shangazi aone, nikampelekea mkaguzi aone, nikampelekea na meneja, ambaye alisema ameshaona, niondoke nacho. Ndipo tukatia asidi ya limau, na maji yakabaki maji. Kesho yake mkaguzi alichota mwenyewe, katikati ya sinia na chini yake, akachoma. Kikombe kilipotoka nilidhani kitupu. Alikiinamisha kwenye mwanga, na kulikuwa na jivu jepesi kama vumbi linalobaki kwenye kope za mwashi. Alipima, akafuta mizani, akapima tena. Akamwita meneja aje asome mwenyewe. Lilikuwa chini ya mstari, tena lililala chini yake mbali, limejinyoosha.

Chumba cha asidi kimefungwa, kaka. Mapipa yamekuja kuchukuliwa na watu wanaojua kuyaua makali, wamevaa kama wanakwenda mwezini. Wenzako wote wamehamia kwetu, na sasa mimi ndiye ninayewaonyesha kikaratasi, na wale wa soksi ninawapa mwiko mzito kuliko wote. Bwana Kimya naye yupo. Tunamfundisha kupiga kelele. Juzi tone la kostiki lilimrukia kwenye kiwiko, akasema aa kwa sauti ya kuku mgonjwa, tukampigia makofi huku Shangazi anamsuuza. Akasema kwamba katika miaka yake yote hapa ile ndiyo aa yake ya kwanza. Kisha akatoka nje akakaa peke yake kidogo, na hatukumfuata.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Baada ya mkaguzi kuondoka nilikuwa kantini ninajisifu, kama unavyonijua. Niliwaeleza wasichana jinsi meneja alivyoniona mara moja tu akajua huyu ni kichwa, na kwamba kuna watu wanasoma mpaka vyuo vikuu ila akili ni za kuzaliwa nazo. Shangazi alikuwa meza ya pili. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniuliza kama ni kweli sijui. Nikauliza sijui nini. Akaacha kucheka.

Akanieleza kwamba alikuwa ameomba ile stoo kwa miaka, na kila mara alijibiwa hakuna nafasi, na hakuna mfanyakazi atakayekubali kufanyiwa majaribio. Kwamba siku meneja alipokuahidi kiti cha getini, ulikwenda ofisini na bandeji yako, yeye Shangazi akiwepo, ukasema kiti hukitaki. Ukasema kama kiwanda kinaona kina deni la vidole, basi kimpe huyu mama stoo, na kama kinachokosekana ni mfanyakazi, una mdogo wako. Meneja akauliza mdogo wako ana ujuzi gani. Ukasema hana hata mmoja. Ukasema ila huyu mtoto hawezi kuumwa akanyamaza, akichomwa na mwiba mtaa wa pili unajua. Ukasema wewe uliliwa vidole si kwa asidi peke yake bali kwa kuvumilia, na kwamba kwenye njia mpya awekwe mtu asiyejua kuvumilia, ili hayo magadi yakiwa na hila wasikie siku hiyohiyo, kabla hayajafika kwenye mfupa wa mtu.

Kaka, wewe ulijua. Nilipokuita mwenye majivuno mbele ya mama, ulijua. Nilipovaa shati lako na kuondoka nimepandisha mabega, ulijua, na ulininyooshea kola. Ungeweza kusema neno moja tu ukanikata maringo, na Mungu anajua nilistahili kukatwa. Ukaniacha nije huku nikiamini mimi ni bingwa. Nadhani ulijua pia kwamba anayejiona bingwa ndiye anayepiga kelele bila kuona haya.

Chakula changu kilipoa. Wasichana wa kantini waliniuliza bosi kulikoni, nikasema ni moshi. Kantini yetu inapikia gesi.

Shangazi anakusalimu sana, na anasema nafasi ya kupima jivu iko wazi, inataka mtu mwenye subira, na kwamba katika familia yetu subira alipewa mtu mmoja tu. Meneja amekubali, nilimsumbua mpaka akakubali. Wewe fikiria. Ukikataa tena sitakuita mwenye majivuno, nitajua una sababu, nitasubiri niambiwe na watu wengine. Mwambie mama masikio yangu yako salama, kiapo hakikuvunjwa, na namshukuru kwa kila alichonifungia kwenye ule mfuko wa safari, hata soksi. Nawaombea afya njema, usingizi mzuri, na jogoo mwenye heshima.

Na wewe, kaka, ahsante. Nimeliandika mara moja, usizoee.

Ni mimi mdogo wako mwenye kelele,
Redio